Harusi ya Mwanao Nyumbani kwa Wakwe: Mwongozo Kamili wa Mzazi, Ijumaa hadi Jumapili

Mwanao anafanya kazi Nairobi, wewe uko Nakuru, na msichana ni wa Vihiga. Wameamua kufungia ndoa kwao msichana, katika kanisa alikolelewa, na sherehe ifanyike kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo jirani. Uamuzi mzuri. Gharama za mji mdogo ni nafuu, na nyanya yake hatalazimika kupandishwa gari. Ila kwako wewe mzazi wa bwana harusi kuna jambo moja linabadilika, na karibu yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwalo: pesa huenda nyingi zikawa zenu, lakini boma ni la watu. Utakuwa mgeni katika harusi uliyoichangia. Usipolikubali hilo kabla ya Ijumaa, litakukera hadi Jumapili jioni.

Wiki kadhaa kabla: karatasi, mahari na msemaji

Anza na karatasi kwa sababu ndizo zisizosikia maombi. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, mchungaji anayefungisha ndoa lazima awe na leseni ya kazi hiyo, na si kila mchungaji anayo. Maharusi watie sahihi cheti mbele ya mashahidi wawili. Kama wanapitia kwanza ofisi ya msajili, notisi huwa ya siku 21. Haya yote mwulize mwanao. Usimpigie mchungaji wa watu simu. Swali la mzazi wa bwana harusi likifika kanisani moja kwa moja, kufikia jioni litakuwa limegeuka kuwa "wanatuchunguza". Kazi yako ni kuuliza mara moja, kisha siku ya kusafiri uone kwa macho yako kwamba vitambulisho halisi, si nakala, vimo kwenye mkoba wa mtu mzima asiye bwana harusi.

Mahari ni jambo zito zaidi. Sheria hiyohiyo inasema kwamba kwa ndoa ya kimila inayohitaji mahari, malipo ya kiasi cha ishara tu yanatosha kuthibitisha kuwa ndoa ipo. Ni sawa, lakini sheria haitakuwa imeketi chini ya mparachichi Jumamosi asubuhi wakati mzee mmoja wa ukoo anakohoa na kusema, "Kabla hatujaendelea, kuna ng'ombe mmoja." Ng'ombe huyo ashughulikiwe mapema. Mtume msemaji wenu aende kabla, au angalau apige simu kwa msemaji wa upande wa pili, aulize waziwazi: kuna deni ambalo mngependa tulimalize kabla ya siku ile? Likiwepo, lilipwe au lipangiwe tarehe, na pande zote mbili zikubaliane kwamba halitatajwa wikendi ya harusi.

Kuhusu huyo msemaji, watu hukosea kwa kumchagua mjomba mwenye maneno matamu. Mchague mpole, mwenye kumbukumbu, asiyechokozeka. Akijua Kimaragoli, lugha ya wengi wa Vihiga, hata cha kuombea maji, ni faida kubwa, maana wazee wakishauriana pembeni atasikia mazungumzo yanaelekea wapi. Kuanzia siku hiyo, neno lolote la pesa linalotoka kwenu lipitie kinywani mwake. Wewe ukiulizwa, jibu ni moja: "Hilo mwulizeni mzee wetu."

Kuna jambo ambalo wageni kutoka Bonde la Ufa hawalifikirii. Huku magharibi Jumamosi ndiyo siku ya harusi, na pia ndiyo siku ya mazishi. Tenti, viti, spika, jenereta, hata mchungaji, vyote vinagombaniwa na familia iliyofiwa ng'ambo ya mto, na msiba haupangiwi tarehe. Kamati ya kwao ikisema tenti zimelipiwa nusu, toeni nusu iliyobaki mapema na mpate risiti. Mwenye tenti aliyelipwa yote hupata tabu kuwageuka. Aliyelipwa nusu ana nusu ya uhuru wake.

Alhamisi: kabidhi kila kitu

Kufikia Alhamisi jioni usibaki na kazi hata moja yenye jina lako. Mtu wa basi ana jina. Mtu wa bahasha ana jina. Mtu wa kuwaangalia wazee, kujua nani hajala na nani anatafuta choo, ana jina, na awe kijana mwenye subira, maana ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Simu yako mpe binti yako au mpwa wako kuanzia Ijumaa asubuhi. Mzazi anayeongea na simu sikioni huku wakwe wanamwamkia anasemwa mwaka mzima.

Pesa taslimu zitolewe Nakuru. M-Pesa huvuka hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, lakini wakala wa soko dogo hana droo ya kukutolea hata sehemu ndogo ya hizo, na Jumamosi saa nne mara nyingi huwa amekwisha kukauka. Mtu wa bahasha awe na mafungu matatu: noti kubwa za salio la watoa huduma, noti za 100 na 200 za langoni na za kutunza wachezaji, na fungu la dharura ambalo hata wewe hujui limewekwa wapi.

Kwenye mkoba wako: kitenge cha familia kilichokwisha kupimwa mwilini na kurekebishwa, si kilichotoka kwa fundi jana usiku. Viatu vya kisigino kipana, kwa sababu uwanja wa shule ni nyasi na chini ya nyasi kuna udongo unaomeza visigino vyembamba. Jozi ya pili ya viatu vya matope. Mwavuli. Leso mbili. Dawa zako za presha au sukari ziwe mkononi, wala si ndani ya buti la basi, pamoja na kitu cha kutafuna, maana chakula cha mchana cha harusi hufika saa kumi. Na neti: Vihiga na Kisumu ni ukanda wa malaria, na sisi tuliozoea baridi ya Nakuru tunasahau. Hoteli ikiwa na neti iliyotoboka, ombeni nyingine kabla giza halijaingia, hasa mkiwa na watoto.

Kwa wakwe hauendi mikono mitupu, na usingoje kununua sokoni kwao, kwa sababu kila mtu atajua bei. Sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, leso za kina mama na blanketi la nyanya vinunuliwe nyumbani. Vingine viko njiani, kama utakavyoona.

Ijumaa: safari

Ondokeni Nakuru saa kumi na mbili asubuhi. Mkiahirisha hadi saa mbili mtaingia kwenye matope ya jioni, kwa sababu mvua ya huko hupenda kuanza saa nane au tisa mchana. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni zaidi kidogo ya kilomita 180, na kutoka Kisumu mnapanda mlima wa Kiboswa kuelekea Mbale na Chavakali kwenye barabara ya Kakamega. Wengine hupitia Eldoret na Kapsabet kisha wakateremkia Chavakali. Njia hiyo ni nzuri, lakini ukiwa na wazee kwenye gari, baridi ya Timboroa asubuhi si ya mchezo.

Mkiwa na gari la kukodi, hasa basi la shule au matatu isiyokuwa ya njia hiyo, mwulizeni mwenyewe kabla ya kulipa kama ana kibali cha safari nje ya njia yake. Kuteremshwa nyote kando ya barabara mkiwa na keki ya ghorofa tatu si jambo la kusimulia wajukuu.

Kabla ya kukunja kushoto Mau Summit, nunueni gunia la viazi vya Molo, na karoti kama ziko. Mkiteremka tambarare ya Ahero, nunueni mchele wa pale. Mama wa nyumbani kwa wakwe akiona viazi vya Molo na mchele wa Ahero vikishushwa pamoja, anaelewa kwamba mlimfikiria tangu mwanzo wa safari hadi mwisho wake. Mimi huamini zawadi ya jikoni inasema zaidi kuliko bahasha, ingawa bahasha nayo isikosekane.

Ulizeni mapema barabara ya mwisho ikoje. Vihiga watu ni wengi na mashamba ni madogo. Nyumba nyingi zimekaa kwenye mteremko na kijia cha udongo mwekundu katikati ya migomba na mawe makubwa. Basi litabaki lami. Pangeni bodaboda kadhaa za wazee na gari moja dogo lililoinuka la mizigo, na mwenye gari hilo awe mtu wa hapo anayejua mahali pa kugeuzia.

Kulala mlale hotelini: Mbale, Kakamega au Kisumu, kulingana na mfuko. Msilale kwa wakwe hata wakiwaomba kwa moyo mweupe. Kwanza usiku huo nyumba yao imejaa, shangazi wanakesha jikoni wakichambua mboga. Pili, kuna heshima ya ukwe ambayo huku bado ina nguvu. Mkwe wa kiume hashikani mkono na mama wa msichana, hakai naye karibu, na halali nyumbani kwake. Vijana wenu waliokulia mjini waelezwe hili ndani ya gari, kwa lugha isiyo na utani, kabla ya mmoja wao kumkumbatia mama mkwe mbele ya wazee.

Ijumaa jioni mnaweza kwenda kusalimia. Watu wachache tu: wazazi, msemaji, mtu mmoja wa kubeba mizigo. Kunyweni chai, kuleni nduma au ndizi mlizowekewa, na muage ndani ya saa moja. Usizunguke jikoni kuuliza nyama ni kilo ngapi. Hata kama nyama hiyo mmeilipia.

Jumamosi asubuhi: langoni

Hapa ndipo wageni wengi hukasirika bure. Mtafika kumchukua bibi harusi, mtakuta lango limefungwa, na nyuma yake shangazi na wifi wa kwao wanaimba. Wanataka kujua nyinyi ni kina nani, mmekuja kutafuta nini, na mko tayari kutoa nini. Mchezo huu una sheria zake. Wanawake wenu wajibu kwa wimbo, kwa hiyo wafanye mazoezi ya nyimbo tatu nne ndani ya basi. Msemaji asogee langoni na noti za 100 na 200, azitoe polepole, alalamike kidogo, acheke, aongeze. Mkianza na noti ya elfu mmeharibu bei na mmeharibu utamu.

Kiwango cha juu kiwekwe mapema na kijulikane na watu wawili tu, msemaji na mtu wa bahasha. Wakifika hapo na lango bado limefungwa, msemaji amwite msemaji mwenzake pembeni, amwonyeshe saa, ataje mchungaji anayesubiri. Mara nyingi hapo ndipo ufunguo "unapopatikana". Wewe mzazi simama nyuma ukitabasamu. Usitazame saa. Usitoe pesa yako mfukoni, hata mia, kwa sababu wakijua mfuko wa mama au wa baba uko wazi, msemaji amekwisha kazi.

Pengine kutakuwa na isukuti. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, majirani zao wa upande wa Kakamega, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinajibizana, pembe inapulizwa juu yake, na mabega ndiyo yanayocheza. Ngoma ikikufikia, ingia. Mzazi wa bwana harusi anayesimama kando amekunja mikono huonekana kama hakubaliani na ndoa. Cheza kidogo, tunza kiongozi wa ngoma, toka. Magoti yakikataa, tikisa bega moja. Linatosha kabisa.

Kanisani

Kanisani una kazi mbili: kukaa pale ulipowekwa, hata kama si safu ya mbele uliyoitarajia, na kuhakikisha kwamba shahidi wa upande wenu yuko ndani ya jengo wakati wa sahihi, si nje akijibu simu. Cheti kikishatiwa sahihi, mtu mmoja akipige picha kabla hakijakunjwa.

Uwanjani: chakula, maiki na pombe

Nianze na pombe kwa sababu ndiyo inayovunja harusi. Sehemu kubwa ya Vihiga ni watu wa kanisa. Marafiki, yaani Wakweka, walifungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902, kanisa la Pentecostal Assemblies of God (PAG) makao yake yako Nyang'ori, na Jeshi la Wokovu lina waumini wengi. Katika makanisa haya pombe haiingii kwenye sherehe. Haijalishi kwenu mmezoea nini. Kreti iliyofichwa kwenye buti la basi itajulikana kabla keki haijakatwa, maana watoto wa kijiji wanaona kila kitu. Kama una ndugu asiyeweza kumaliza mchana mkavu, mpe kazi inayomtaka awe karibu na wazee saa zote. Si njia ya upole, lakini inafanya kazi.

Chakula kitachelewa. Kubali. Wazazi huletewa mezani, na utapakuliwa zaidi ya uwezo wako: pilau, chapati, nyama, kuku, na kama una bahati, mrenda na kunde zilizopikwa na watu wa nyumbani. Onja kila kitu. Neno "nimeshiba" kabla ya kuonja ni tusi dogo. Usiwaite watoto wenu mezani kwako wakati watoto wa wenyeji bado wako kwenye foleni.

Hotuba. Mshereheshaji atakupa maiki bila onyo, na hapo ndipo wazazi wenye busara hupotea. Dakika tatu. Nne ukiwa na machozi. Washukuru wazazi wa msichana kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kabla ya kamati. Usiwaombe maharusi wajukuu kwa maiki. Usitaje uligharamika vipi kumsomesha mwanao, maana na wao walimsomesha wao. Mfano:

"Baba na Mama, tumekuja kwenu na mmetupokea. Mmemlea binti huyu, tumemwona, na tumefurahi. Kwetu haji kuwa mgeni, anakuja kuwa mtoto. Mwanangu, umepewa mtu na watu; watunze wote wawili. Naomba waliotoka nasi Nakuru wasimame wawasalimie. Asanteni, Mungu awabariki."

Hapo pa kusimamisha watu, soma majina kutoka kwenye karatasi. Kumbukumbu yako siku hiyo haifai. Mjomba asiyetajwa atanuna hadi Desemba. Kama baba wa kijana au babu yake ametangulia mbele ya haki, mtaje kwa jina, kwa sentensi moja, kisha endelea.

Keki ya wazazi italetwa na maharusi wenyewe, wakipiga hatua za ngoma. Ipokee kwa mikono miwili, iweke chini, na mtu wenu aifunge mara moja. Zawadi ziandikwe kwenye daftari na watu wawili, mmoja kila upande, jina na kiasi, na daftari likifungwa apewe mwanao au mkewe. Wewe usilisome.

Jioni

Mtu wa bahasha awalipe wapishi, wenye tenti, mpiga picha na vijana walioosha sufuria kabla giza halijaingia, na apate sahihi. Vijana hao msiwasahau. Walichota maji tangu usiku wa manane, na ndio watakaolisukuma basi lenu likikwama. Chakula kilichobaki ni cha wenyeji kugawa, msianze kufunga kwenye mifuko. Maharusi waacheni waende zao. Msiwaulize watalala wapi.

Jumapili

Kama mna nguvu, nendeni ibada pamoja na wakwe. Mtatambulishwa, mtasimama, mtapunga mkono, na hilo litawaunganisha kuliko siku nzima ya jana, kwa sababu leo hakuna spika na kila mtu anasikia mwenzake. Baadaye mtaitwa kula kuku. Zamani wanawake wa huku hawakula kuku. Siku hizi wanakula, lakini firigisi bado huenda kwa mwanamume anayeheshimiwa zaidi mezani. Ikiletwa mbele ya mume wako au msemaji wenu, asiipitishe kwa mtoto ati yeye haipendi. Aile, ashukuru.

Mkiaga, hamtaondoka na mikono mitupu pia. Mkungu wa ndizi, kuku hai aliyefungwa miguu, pengine karanga. Vipokeeni vyote na mtafute nafasi kwenye gari. Wenyeji watawasindikiza hadi lami. Msiwakatize kwa kuwaambia warudi, acheni wasindikize. Ondokeni kabla ya saa nane ili mvua iwakute mkiwa Kericho tayari.

Mkifika nyumbani, hata kama ni usiku, piga simu wewe mwenyewe, usitume ujumbe, uwaambie mmefika salama. Malalamiko yoyote, ya pesa au ya maneno yaliyosemwa langoni, yangojee wiki mbili na yapitie kwa msemaji. Sufuria na thamosi za watu zilizoingia kwenye buti lenu kwa bahati mbaya zirudishwe wiki hiyohiyo kwa matatu, katoni ifungwe kwa kamba, na jina la mwenyewe na la soko lake viandikwe juu kwa kalamu isiyofutika.